Kiti cha Marehemu

Mama Godoro alipanda ndege akiwa na nia moja, na haikuwa nia njema. Mume wake alikuwa chini kwenye mizigo, ndani ya jeneza, anarudishwa nyumbani kuzikwa. Mwanamke aliyekuwa akiishi na mume huyo ugenini alikuwa nyuma kabisa ya ndege, karibu na choo. Na yeye mwenyewe, mke wa ndoa, alikuwa ameketishwa mbele, kwenye viti vile vinavyogeuka vitanda. Alikuwa ameapa kwamba mwanamke yule hatalisogelea kaburi. Angemfukuza mchana kweupe, mbele ya waombolezaji wote, na maneno ya kumfukuzia alikuwa ameshayapanga. Kila alipoyarudia moyoni aliyazidishia chumvi kidogo.

Asiyemjua anaweza kudhani ana roho mbaya ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo nieleze. Mama Godoro ni fundi wa magodoro. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: upande mmoja pamba imerundikwa mpaka darini, upande wa pili kuna majora ya vitambaa vya mistari, katikati mkeka anaokalia na sindano ambayo mtu mgeni huiogopa. Hospitali inalalia magodoro yake, mabweni yanalalia, na maharusi wengi wa mtaa ule walianza maisha juu ya kazi ya mikono yake, jambo ambalo hupenda kuwakumbusha mbele ya wakwe zao. Jina hilo alipewa na wateja na analipenda. Ulimi anao. Ukimletea godoro lililotobolewa na panya atakuuliza kama panya hao huwa wanachangia kodi ya nyumba.

Mume wake alikuwa fundi wa lifti. Aliondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo binti yao akiwa bado anang'oka meno ya utoto, akasema ni mkataba mfupi tu, akichuma kidogo anarudi. Akawa anakuja mara moja moja, siku chache, halafu huyo anaondoka tena. Na kila alipokuja alikuja mgonjwa wa magoti. Alishuka kwenye teksi anachechemea, akajitupa kitini, akaanza kusimulia mateso ya ndege. Huko nyuma mtu hukunjwa kama shuka, alisema, magoti yanagusa kidevu, wa mbele yako akilaza kiti ndiyo umekwisha, na chakula unawekewa utadhani unatupiwa. Mama Godoro alichemsha maji, akayatia chumvi, akaleta beseni, akainua miguu ile mmoja baada ya mwingine kwa upole ambao watoto wa mtaa hawajawahi kuuona kwake. Alikanda, akapaka mafuta ya moto, akakanda tena. Majirani walimtania kwamba mume akija yeye hawi mke, anakuwa daktari wa viungo. Alicheka nao, maana alimhurumia kweli yule bwana.

Aliposema naye anataka kumfuata huko, hata kwa matembezi tu, mume alimwonea huruma yeye. Nauli ilikuwa haishikiki. Na hata ingeshikika, zile hazikuwa safari za mtu anayeipenda miguu yake. Shemeji yake, mdogo wa mume, aliitikia kila neno. Huyu ndiye aliyekuwa mjumbe: simu zilipita kwake, salamu zilipita kwake, na visa vya jinsi kaka anavyobanwa na maisha ugenini vilipita kwake pia, vikiwa vimenona. Mama Godoro alisikiliza, akafuta jicho, akarudi kwenye sindano yake.

Halafu bwana akafa. Moyo ulisimama akiwa mezani anakunywa chai. Kampuni yake ikapiga simu kwamba sheria za huko haziruhusu maiti kuondoka mpaka mke wa ndoa afike mwenyewe atie sahihi. Wakamtumia tiketi ya kwenda, na hiyo ilikuwa ya nyuma.

Safari hiyo ya kwenda ndiyo iliyokuja kumchoma zaidi baadaye. Alikaa kiti cha katikati. Jirani wa kushoto alimlalia bega na kumdondoshea mate, wa kulia alikuwa na viwiko visivyojua mpaka. Miguu ikavimba hata viatu vikamkataa. Na yeye, mwanamke wa kulalamika kwa sababu ndogo kuliko hiyo, hakulalamika. Alilia. Alimlilia mume wake. Alijiambia kwamba maskini ya Mungu, kumbe ndiyo haya aliyokuwa akiyapitia kila mara ili aje kuniona, na mimi safari nyingine nilimkanda kwa kulipualipua. Akamwomba radhi kimoyomoyo, hapo hapo, na mate ya mtu baki begani.

Mlangoni pa chumba cha maiti alimkuta mwanamke. Mwembamba, wa makamo, gauni jeusi, ameshika mkononi miwani ya marehemu. Hakuhitaji kutambulishwa, kwa sababu miwani ilikuwa imeshasema. Baadaye mtu wa kampuni, kwa aibu nyingi na kukohoa kwingi, alimweleza kwamba dada huyu hukata tiketi katika ofisi ya safari, kwamba yeye na marehemu walikuwa wakiishi pamoja kwa miaka mingi, na kwamba ameomba kusindikiza mwili. Mama Godoro hakupiga kelele. Alitia sahihi kila alipoonyeshwa, akayameza yote, na tangu hapo hakumwita mwanamke yule kwa jina lolote ila Mkata Tiketi. Alilitamka jina hilo kana kwamba ni tusi.

Siku ya kurudi, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, karani aliangalia mashine yake akasema mama huyu ni mbele na dada huyu ni nyuma. Mkata Tiketi aliangalia sakafu. Mama Godoro hakuuliza. Alijua moja kwa moja kwamba kampuni imetambua nani ni mke na nani si mke, na akahisi utamu ukimshuka kooni kwa mara ya kwanza tangu simu ile. Alipita mbele ya mwenzake kwa maringo ambayo hakuwa ameyatumia tangu usichana, ingawa kwa ile miguu iliyovimba maringo yenyewe yalikwenda upande.

Kiti kilikuwa kikubwa kuliko kochi lake la sebuleni. Kabla ya kukaa alikiminya kwa ngumi, kama anavyominya kila kitu cha kulalia, akaona sponji ni nyembamba na mshono wa pembeni umepigwa haraka. Alifurahi kupata kasoro. Mhudumu akamletea kitambaa cha moto kwenye kisahani, akakataa. Akaletewa juisi, akakataa. Akaletewa korosho kwenye bakuli la udongo, akazitazama sana, akakataa. Alikuwa mfanyabiashara maisha yake yote na alijua kwamba kitu kinacholetwa na tabasamu pana kiasi kile kina bei yake. Hakuwa na shaka kwamba wakitua wangemletea hesabu ya vyote hivyo. Basi ndege ilipotulia angani alifungua mkoba, akatoa mayai ya kuchemsha aliyojiwekea tangu hotelini, akaanza kumenya. Harufu ikatanda. Bwana mmoja mwenye gazeti, upande wa pili wa njia, alilipandisha gazeti lake mpaka likafunika pua. Mama Godoro alimkaribisha yai kwa heshima zote. Bwana akasema ameshiba, na kila mmoja akarudi kwenye mambo yake.

Ndipo alipokuja mkuu wa wahudumu, mama mtu mzima mwenye mvi zilizoanza kuchungulia, akachuchumaa kando ya kiti na kumshika mkono.

"Pole sana, mama," alisema. "Tumesikitika wote. Marehemu tulikuwa tunamjua vizuri."

Mama Godoro akauliza wamemjuaje.

"Alikuwa abiria wetu wa siku nyingi. Hiki ulichokalia ndicho kiti chake."

Mama Godoro alidhani hakusikia sawasawa. Akauliza kama si kule nyuma. Mhudumu akatabasamu kwa huzuni, akidhani anamliwaza mjane, na kwa nia safi kabisa akafungua bomba. La, nyuma hapana, alisema, mzee alipenda hapa hapa dirishani. Ndege ikishapaa tu analaza kiti, ananyoosha miguu, anajifunika, analala kama mtoto. Walikuwa wakimwamsha kwa kumgusa bega wakikaribia kutua, naye hucheka na kusema mbona mmenikatiza usingizi. Alipenda samaki, na divai nyeupe kidogo. Alikuwa akisafiri sana, kikazi na kwa mapumziko, na safari zote za mbele humwekea mtu pointi, zikijaa anapewa tiketi bila kulipa. Hata kiti hiki cha leo kimetoka kwenye pointi zake, ameona kwenye mashine.

"Magoti," alisema Mama Godoro. "Hakuwa anasumbuliwa na magoti?"

Mhudumu alifikiri kidogo. "Hapana, mama. Huyo alikuwa akishuka anaruka ngazi."

Mama Godoro alishukuru. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama vitu hivi wanavyoleta vinalipiwa. Akaambiwa hakuna kinacholipiwa, vyote ni vyake, aombe tu.

Sasa niseme alivyojisikia, maana hakuna haja ya kuzunguka. Alijisikia hasira ya kutaka kuuma kitu. Aliliona beseni. Aliyaona mafuta ya moto na vidole vyake mwenyewe, vilivyoshinda na sindano mchana kutwa, vikizunguka magoti mazima, magoti yaliyotoka kunyooshwa chini ya blanketi na kuamshwa kwa upole. Alimwona amefumba macho kitini anaguna kwa maumivu ambayo hayakuwepo. Na alijiona mwenyewe kwenye kiti cha katikati, anamwomba radhi. Hilo la radhi ndilo lililomshinda kabisa. Alitamani arudishiwe bwana yule akiwa hai, dakika tano tu, amkande vizuri.

Kwa kuwa haikuwezekana, alibonyeza kengele.

Aliomba kitambaa cha moto. Akaomba korosho zile zirudi. Akaomba samaki, na walipomweleza kwamba kuna samaki au kuku alisema walete vyote viwili, marehemu hatajali. Akaomba divai, ambayo hanywi, akaionja, akakunja uso, akaiacha isimame pale mbele yake ili tu isinywewe na mwingine. Aliomba jibini, aiskrimu, soksi, kitana, mto wa pili na mto wa tatu. Hakuwa anakula kwa njaa. Alikuwa anakula kwa kulipiza, na nakwambia kula kwa namna hiyo kunachosha kuliko kushona. Pointi zile zilikuwa jasho la uongo wake, na alitaka zote zipite tumboni mwake kabla ndege haijagusa ardhi. Bwana wa gazeti alikuwa ameacha kabisa kusoma.

Aliposhiba mpaka kooni alilaza kiti. Alinyoosha miguu pale pale alipokuwa akiinyoosha yule bwana, na kwa kuwa marehemu alikuwa chini yake, labda mita chache tu, alipiga sakafu kwa kisigino.

"Unanisikia?" alisema. "Niko kitandani kwako. Kibovu."

Lakini hasira ya kumpiga maiti kisigino haitoshi. Hasira inataka mtu anayeweza kuona haya. Na mtu huyo alikuwepo, kule nyuma, karibu na choo. Mama Godoro aliona hakuna sababu ya kusubiri kaburi. Akainuka na soksi zake mpya, akafunua pazia la kutenga mbele na nyuma, akaenda.

Alipita kati ya watu waliokunjamana, vichwa vimening'inia, watoto wanalia, mguu wa mtu umetoka njiani. Kila kiti alichokipita kilimtia kichaa upya. Mkata Tiketi alikuwa kiti cha mwisho, kile kisicholala nyuma kwa sababu kimegusa ukuta, magoti yamebanwa, macho wazi. Alipomwona Mama Godoro amesimama juu yake hakushtuka. Alisogeza begi lake lililokuwa kiti cha pembeni, akampa nafasi. Mama Godoro alikaa. Alikuwa amejiandaa kusema akiwa amesimama, lakini miguu ilikuwa bado na uvimbe.

Alianza na lile alilolibeba, kwamba walikuwa wakistarehe wawili kule mbele, wakinywa divai na kucheka, na yeye anachemsha maji. Mkata Tiketi alimwacha amalize. Halafu akasema mbele kule yeye hajawahi kukaa. Walipokwenda mapumziko, bwana alikaa mbele na yeye alikaa huku huku, kwa kuwa bwana alimwambia mbele anapelekwa na kampuni na nafasi ni moja. Ni yeye aliyekuwa akimkatia tiketi zile, kwa mkono wake, kwa hiyo alijua kwamba si kampuni. Alijua akanyamaza, alisema, kwa sababu mwanamke akishazoea kunyamaza hata sauti yake mwenyewe humshtua.

"Na mimi?" alisema Mama Godoro. "Mimi alikwambia nini kuhusu mimi?"

Mkata Tiketi alikuwa ameambiwa kwamba mke wa nyumbani anaogopa ndege. Kwamba ameitwa mara nyingi na amekataa. Kwamba anaishi kwenye ghorofa yenye madirisha ya bluu, ghorofa aliyojengewa na mume, na picha alionyeshwa. Mkata Tiketi mwenyewe alichangia ujenzi ule kwenye mshahara wake, kila mwezi, ili familia ya nyumbani isije ikasema amemnyang'anya mtu riziki ya watoto.

Mama Godoro hakukaa kwenye ghorofa yoyote. Aliishi kwenye vyumba vyake vitatu na pamba yake. Lakini madirisha ya bluu aliyajua, maana alishawahi kualikwa kuyaona. Ilikuwa nyumba ya shemeji yake, ambaye alidai ameijenga kwa biashara ya vipuri.

Mkata Tiketi akaendelea, kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma ratiba ya safari. Alisema bwana akirudi kutoka nyumbani alikuwa akilalamika mgongo. Ndiye aliyekuwa akimkanda. Bwana alimwambia kwamba kwa mke wake hulazwa sakafuni.

"Sakafuni?"

"Sakafuni, dada. Alisema kwako hakuna godoro."

Ndugu msomaji, mwanamke huyu alikuwa ameletewa mke mwenza siku ya msiba na akanyamaza. Alikuwa amegundua kiti, divai, na ghorofa, na bado alikuwa na maneno. Lakini hili la godoro lilimkata pumzi. Mikono yake ilishika magoti yake mwenyewe na ikabaki hapo. Lile walilolalia na bwana yule alikuwa amelishona mara tatu kwa miaka ile yote, kila mara pamba mpya, kila mara mistari aliyoipenda bwana, na hakuna mteja aliyewahi kushonewa vile hata akilipa mara mbili.

Ndipo alipouliza lile ambalo angepaswa kuuliza kwenye kaunta, yaani nani aliyempeleka mbele. Mkata Tiketi akasema ni yeye. Namba ya kadi ya marehemu alikuwa anaijua kwa kichwa, akazitoa pointi zote kabla shirika la ndege halijapata habari ya kifo. Zilitosha kiti kimoja.

"Usidhani nimekuhurumia," alisema. "Nilikuona siku ile pale chumba cha maiti, viatu umevishika mkononi, vidole vimetoboka kwa sindano. Nikajua kwamba aliyoniambia yote ni uongo. Sikukupa kiti kile kwa huruma, dada. Nilikupa kwa hasira. Nilitaka umzike ukiwa unajua."

Mama Godoro alimtazama. Maneno aliyoyaandaa kwa ajili ya kaburini yalikuwa bado yapo, mazuri, yamekolea chumvi, ila hayakuwa tena ya mtu huyu. Hakumkumbatia. Hakumpenda, na mpaka leo hajampenda. Alimwambia tu kwamba mbele kuna mito mitatu na hana kazi nayo, akamwambia ainuke wakabadilishane, na mhudumu mkuu alipojaribu kueleza kwamba utaratibu hauruhusu, alitazamwa jicho moja akakumbuka kwamba ana kazi jikoni. Mkata Tiketi akaenda mbele akalala mpaka wakatua. Mama Godoro akabaki nyuma karibu na choo, magoti yamegusa kiti cha mbele, akifikiri.

Walitua alasiri. Ofisi ya mizigo ilikuwa jengo la bati pembeni ya uwanja, ndani kuna chumba cha baridi, mezani kuna afisa mwenye mihuri na mwayo. Shemeji alikuwa ameshafika. Alivaa suti mpya nyeusi, nje ameegesha gari la kukodi la kubebea maiti, na kwa haraka haraka alieleza mipango: wageni wameshajaa nyumbani kwake, viti vimepangwa, kuna watu wakubwa wa kuzungumza, na wote wamekaa wanasubiri mwili uingie. Alipomwona Mkata Tiketi nyuma ya Mama Godoro alijifanya hamjui. Wale wawili walifahamiana. Shemeji alishawahi kwenda kutembea ng'ambo na kulala kwao.

Afisa akaeleza kwamba mwenye haki ya kupokea mwili ni mke wa ndoa peke yake. Ofisi ilikuwa karibu kufungwa. Akisaini sasa, wanaondoka naye. Asiposaini, mwili unalala hapo kwenye baridi mpaka kesho. Akamsogezea kalamu.

Mama Godoro akaishika. Shemeji akapumua. Kisha kalamu ikawekwa chini, polepole, sambamba na ukingo wa meza, kama mtu anayeweka sindano akimaliza kazi.

"Ofisi mnafungua saa ngapi kesho?" aliuliza.

Afisa akasema asubuhi. Mama Godoro akasema basi atakuja kesho, au kesho kutwa, itategemea miguu. Leo ametoka safari.

Shemeji alikuja juu. Alisema haiwezekani. Alisema kaka yake hawezi kulala ghalani katikati ya makasha ya vipuri na maua ya watu. Alisema ni aibu, alisema ni dhambi, akataja jina la mama yao. Mama Godoro alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyomsikiliza miaka yote. Halafu akamwambia kwamba wakishazika, siku yoyote itakayokuwa, yeye na dada huyu watakuja kuhesabu vyumba vya ile nyumba yenye madirisha ya bluu, maana wameijenga wote wawili, mmoja kwa mshahara na mwingine kwa kudanganywa. Aliyasema bila kupandisha sauti. Afisa wa mihuri aliacha kupiga miayo.

Alifurahi. Nasema alifurahi, msiba ulivyokuwa msiba, na yeyote anayeona si sawa na aone. Nyuma ya ule mlango wa bati alikuwepo mwanaume aliyevalishwa suti, amenyooshwa miguu, hana pa kwenda mpaka mke wake aamue, na mke wake alikuwa hajaamua. Aliuinua mkoba wake, akamwashiria Mkata Tiketi kwamba waende.

Shemeji aliwafuata mpaka mlangoni. Suti ilikuwa imemlowa mgongoni.

"Shemeji," alisema, "kuna watu mia wamekaa pale kwangu. Nitawaambia nini?"

Mama Godoro hakugeuka.

"Waambie yuko njiani," alisema.